Samaki wa Magugu: Kutoka Wang'uru Hadi Ziwa la Naivasha

Mtu wa Wang'uru hahitaji kufundishwa habari za maji. Tangu miaka ya 1950, mashamba ya mpunga ya Mwea yalipofunguliwa kwa jasho la watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, maji ya mito Thiba na Nyamindi yamekuwa yakipita karibu na nyumba zetu katika mifereji. Watoto wetu huvua humo kambare na tilapia kwa ndoana na nyungunyungu. Lakini magugu ya majini sisi hatuyapendi hata kidogo. Magugu huziba mfereji, na mfereji ukizibwa mpunga wa jirani wa chini hukauka, na hapo ndipo ugomvi huanza.

Basi niliposikia ya kwamba liko ziwa ambalo wavuvi hutafuta magugu kwa makusudi, kwa kuwa samaki wao hukaa humo, niliona yafaa niende nikajionee mwenyewe.

SAFARI YENYEWE

Kutoka Wang'uru nilipanda gari la abiria mpaka Makutano, mahali ambapo barabara ya Embu hukutana na barabara kuu ya Nyeri na Nairobi. Msafiri akipinda kulia hapo, baada ya mwendo mfupi atafika Sagana, penye mabwawa ya kufugia samaki yaliyoanzishwa na serikali mwaka 1948. Mimi nilishika upande wa kushoto, nikapita Thika na Nairobi, kisha Limuru penye baridi na majani ya chai. Kutoka hapo barabara ya chini huteremka ukingoni mwa Bonde la Ufa, na kando yake liko kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita Waitalia mwaka 1942. Mbele yako husimama mlima Longonot na tundu lake kubwa kileleni, na nyuma ya mlima huo ndipo penye ziwa.

Ziwa la Naivasha liko juu sana, zaidi ya mita 1,880 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo anayetoka Wang'uru achukue koti. Mto wake mkubwa ni Malewa, unaotoka katika milima ya Nyandarua, ile ile ambayo watu wa Nyeri huiona kila jioni jua likitua. Jambo la ajabu ni kwamba ziwa hili halina mto unaotoka, na hata hivyo maji yake ni matamu, si ya magadi. Sababu ni kwamba maji hupenya chini ya ardhi na kuondoka pasipo mtu kuyaona. Kando ya maji husimama mafunjo marefu kuliko mtu, na juu ya miti furukombe hulia mchana kutwa.

SAMAKI MWENYE MDOMO MPANA

Samaki niliyemfuata huitwa besi. Kwao ni Marekani, naye aliletwa Naivasha mwaka 1929 ili wavuaji wa ndoana wapate mchezo. Rangi yake ni kijani, ana mstari mweusi ubavuni, na mdomo wake ni mpana hata pembe yake hupita nyuma ya jicho. Yeye hafukuzi mawindo yake mbali. Hujificha katika magugu, akatulia kama paka aliyeona panya, na kiumbe kidogo kikipita mbele yake humeza mara moja. Jambo moja litawapendeza wenye watoto: dume ndiye mlezi. Huchimba kiota kwa mkia wake penye maji haba, kisha huyalinda mayai na hata vitoto vilivyoanguliwa.

Huko Marekani anaye jamaa yake aitwaye krapi, samaki bapa apendaye kukaa makundi makundi penye magugu na matawi yaliyozama. Nyama ya mdomo wa krapi ni laini mno, hata mvuvi akivuta kwa nguvu hupasuka, na samaki huenda zake. Besi ni kinyume chake. Mdomo wake ni mgumu, na mvuvi hana budi kuvuta kwa nguvu ndoana ipate kuingia.

Mzee mmoja mvuvi alinichukua katika mashua yake alfajiri, wakati maji yametulia. Kwanza alisimama na kutazama kama viko viboko, kwa maana kiboko wa Naivasha amekwisha kuua watu, na mafunjo humficha vizuri. Kisha akapiga kasia polepole, akakaa mbali kidogo na magugu. Akanipa fimbo yenye mshipi mnene na chambo cha bandia kilichofanywa kama mnyoo, nayo ncha ya ndoana ilikuwa imefichwa ndani ya chambo isinase majani.

"Usitupe katikati ya ziwa, mwanangu," aliniambia. "Tupa ukingoni mwa magugu, uache kizame, uhesabu mpaka tano, ndipo uvute kidogo kidogo. Akishika, usimpe nafasi ya kurudi nyumbani kwake."

Kwa muda mrefu sikupata kitu ila majani. Mara mshipi ukakazika, ukaenda upande. Nilivuta, naye akaruka juu ya maji akitikisa kichwa, kisha akazama kuelekea magugu. Tulishindana kwa dakika chache tu, lakini mikono yangu ilitetemeka. Alipoingia mashuani tulimkadiria kuwa kilo moja. Mzee akasema huyo ni mtoto.

WAGENI WALIOFUATANA

Tulipokuwa tukipumzika nilimwuliza mzee kama besi ni wengi kama zamani. Akatikisa kichwa, akanyosha kidole kwenye maji, ambayo yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Habari za ziwa hili, msomaji, zastahili kusikilizwa na kila mkulima anayetumia maji pamoja na wenzake.

Zamani ziwa hili halikuwa na samaki wa asili ila vijisamaki vidogo vya aina moja, na aina hiyo haikuonekana tena baada ya mwaka 1962. Besi alikuwa wa kwanza miongoni mwa wageni walioletwa na kudumu. Tilapia nao waliletwa, na mwaka 1959 uvuvi wa nyavu kwa biashara ulianza. Baada ya 1960 ikatokea jani linaloelea, salvinia, likatandaa kama mkeka. Mwaka 1970 akaletwa kamba wa maji matamu, mwenye magando mekundu, ambaye kwao pia ni Marekani. Kamba huyo alikuwa chakula kizuri cha besi, lakini yeye mwenyewe alikula mayungiyungi na magugu ya chini ya maji, hata kufikia miaka ya 1980 yalikuwa karibu kwisha. Mwaka 1988 likaonekana gugu maji lenye ua la zambarau.

Mwishowe, baada ya mvua nyingi za El Niño za mwaka 1997 na 1998, akaonekana samaki aitwaye karpu. Huaminika ya kwamba alitoroka katika mabwawa ya kufugia yaliyo juu, akaletwa na mto Malewa. Karpu huchimbua matope akitafuta chakula, naye ndiye aliyejaza nyavu za wavuvi miaka iliyofuata. Watu wengi wamepata riziki kwake, wala hatuwezi kumlaumu kwa hilo. Lakini besi huwinda kwa macho, na penye matope jicho halifai kitu.

"Kila mgeni alikuja na sababu yake nzuri," mzee alisema, "lakini hakuna hata mmoja aliyeaga."

NENO KWA WATU WA MWEA

Maneno hayo yanatuhusu sisi wa Wang'uru kuliko tunavyodhani. Mwaka 2020 ilithibitishwa ya kwamba konokono mgeni, mkubwa, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini, ameingia katika mashamba ya Mwea. Hula mpunga mchanga usiku, na asubuhi mwenye shamba hukuta mahali patupu. Hutaga mayai ya rangi ya waridi kwenye mabua na kuta za mifereji, juu kidogo ya maji.

Mfereji wetu hauna mlango. Konokono aliye katika shamba langu leo, kesho yuko kwako. Kwa hiyo yafaa tukubaliane mambo haya. Tuyakwangue na kuyaponda mayai kabla hayajaanguliwa, lakini tusiyashike kwa mikono mitupu, maana yana sumu. Tutie wavu wa matundu madogo mahali maji yanapoingilia shambani. Tuoshe majembe na matrekta kabla ya kuyahamisha. Na mwenye kutaka kufuga samaki, jambo ambalo ni jema, anunue vifaranga penye wataalamu, wala asibebe kiumbe kutoka ziwa moja na kukitia katika mto mwingine kwa kuwa kimempendeza. Bwawa la Thiba, ambalo sasa hutuhifadhia maji, liko juu yetu sote, na kitakachotiwa humo kitashuka mpaka shamba la mwisho.

Anayependa kuvua na aende Naivasha. Akate leseni, amfuate mvuvi anayewajua viboko, atupe ndoana yake ukingoni mwa magugu, naye atafurahi kama nilivyofurahi mimi. Lakini atakaporudi Mwea alete habari tu, na samaki aliye kikaangoni, si aliye hai ndooni.