Tulipokuwa na Duru ya Pili

Mwaka 2006 karatasi ya kura ya urais ilikuwa na picha 33. Nilikuwa karani katika kituo cha kupigia kura kwenye komini ya Mangobo, mjini Kisangani, na kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha wazee namna ya kuikunja kabla ya kuitumbukiza sandukuni. Hiyo ilikuwa tarehe 30 Julai. Tuliporudi kituoni tarehe 29 Oktoba, picha zilikuwa mbili tu: Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba. Kati ya siku hizo mbili ilipita miezi mitatu, na siasa niliyoiona katika miezi hiyo sijaiona tena Kongo.

Matokeo ya duru ya kwanza yalitangazwa tarehe 20 Agosti na Padri Apollinaire Malu Malu, aliyeongoza tume ya uchaguzi. Kabila alipata asilimia 44.81, Bemba 20.03, Antoine Gizenga 13.06, Nzanga Mobutu 4.77. Kinshasa ikawaka. Askari wa Kabila na wa Bemba walipigana hadi tarehe 22, na mabalozi waliokwenda nyumbani kwa Bemba wakanaswa humo katikati ya risasi. Sisi wa Kisangani, tuliokwisha kuona majeshi ya Rwanda na Uganda yakipigana juu ya vichwa vyetu Juni 2000, hatukuondoka karibu na redio.

Risasi zilipotulia, yakaanza mahesabu. Katiba mpya ilitaka rais apate zaidi ya nusu ya kura. Kabila hakuwa nayo, Bemba alikuwa mbali nayo, kwa hiyo wote wawili walilazimika kwenda kubisha hodi kwa walioshindwa. Mlango mkubwa kuliko yote ulikuwa wa Gizenga.

Nyumbani kwetu jina hilo lilikuwa na uzito wake. Baba mkubwa alikuwa kijana Stanleyville, kama mji wetu ulivyoitwa wakati wa Wabelgiji, Gizenga alipounda hapa serikali ya wafuasi wa Lumumba Desemba 1960. Lumumba mwenyewe alikuwa njiani kuja huku alipokamatwa na askari wa Mobutu, na Januari iliyofuata akauawa. Baba mkubwa aliyabeba hayo maisha yake yote. Katika duru ya kwanza alimpigia Gizenga kura, akarudi nyumbani amevaa shati lake la Jumapili.

Mwishoni mwa Septemba chama cha Gizenga, PALU, kilitia sahihi mkataba na kambi ya Kabila. Oktoba akaingia Nzanga Mobutu na chama chake cha UDEMO. Hebu fikiria watu waliokutana humo: naibu waziri mkuu wa Lumumba, mtoto wa Mobutu, na mtoto wa Laurent Kabila aliyempindua Mobutu mwaka 1997. Nzanga, juu ya hayo, ni shemeji yake Bemba.

“Mwanangu,” Baba mkubwa aliniuliza, “hao wameketi meza moja. Sisi tuliofiwa tutaketi wapi?”

Sikuwa na jibu la kumpa, na uchungu wake ulikuwa wa haki. Lakini hata siku ile niliona jambo ambalo nalithamini zaidi leo. Wale waliokuwa wakijadiliana walikuwa wamekwisha kupimwa. Nguvu ya Gizenga ilikuwa imehesabiwa kituo kwa kituo, kwa mwanga wa taa, mbele ya mashahidi wa vyama. Bei yake nayo ilijulikana kabla hatujapiga kura tena: PALU itoe waziri mkuu. Aliyechukizwa na mapatano hayo alikuwa bado na kura yake mkononi.

Na watu walichukizwa. Bandundu, ngome ya Gizenga, ilimpa Bemba kura nyingi kuliko Kabila. Ukijumlisha asilimia za Kabila, Gizenga na Nzanga unapata 62 na ushei. Kabila alishinda kwa 58.05. Wapiga kura hawakuwa magunia ya mpunga ya kupakuliwa mtumbwi mmoja na kupakiwa mwingine. Mjini kwetu, ambako Kilingala na Kiswahili hukaa nyumba moja, kila familia ilibishana upya. Jimbo letu likaenda kwa Kabila. Équateur, chini ya mto, ikaenda kwa Bemba karibu yote.

Mkataba uliheshimiwa. Tarehe 30 Desemba Gizenga, akiwa na miaka 81, aliteuliwa kuwa waziri mkuu, na alipojiuzulu mwaka 2008 nafasi yake ilishikwa na Adolphe Muzito wa chama hichohicho.

Januari 2011 bunge likabadili kifungu cha 71 cha katiba: duru moja, anayeongoza ndiye rais. Tuliambiwa duru mbili ni gharama, tena zinaigawa nchi. Desemba mwaka huohuo Kabila alitangazwa mshindi kwa asilimia 48.95, mbele ya Étienne Tshisekedi mwenye 32.33. Kwa kanuni ya 2006, hao wawili wangerudi kwa wananchi.

Tangu hapo miungano hufungwa kabla ya kura, na mara nyingi nje ya nchi. Tarehe 11 Novemba 2018 viongozi saba wa upinzani walikutana Geneva, Muzito akiwa mmoja wao, wakamchagua Martin Fayulu awe mgombea wao. Kesho yake Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe walijitoa kwa sababu wafuasi wao walikataa. Tarehe 23 wawili hao wakaungana Nairobi. Nilifuatilia yote kwenye simu, nikijiuliza nani kati yao anajua ana kura ngapi. Hakuna aliyejua, kila mmoja alikisia kwa faida yake. Januari 2019 tume ikamtangaza Tshisekedi kwa asilimia 38.57 dhidi ya 34.83 za Fayulu, naye Fayulu akayakataa matokeo hayo. Nchi kubwa namna hii ilipata rais ambaye, kwa hesabu ya tume yenyewe, watu sita katika kila kumi hawakumchagua, na hapakuwa na siku ya pili ya kuwauliza.

Mwaka 2023 wajumbe wa wapinzani walikutana Pretoria. Baadhi ya wagombea walimwachia Moïse Katumbi, Fayulu na Denis Mukwege wakabaki kila mmoja peke yake.

Oktoba 2024 Rais Tshisekedi alisema hapahapa Kisangani kwamba anataka katiba iangaliwe upya. Mengi yatabishaniwa, hasa vipindi vya urais, na yabishaniwe. Ninachowaomba wabunge wetu ni hiki: mkiifungua katiba, rudisheni kifungu cha 71 kilivyokuwa mwaka 2006, ili wanaotaka kuungana waungane baada ya sisi kuwahesabu, nasi tupate kura ya pili ya kuwajibu.