Manyoya ya Jogoo na Samaki wa Mlimani

Mtu asimamapo ukingoni mwa Mto Ngong, hapo unapopita katika Mukuru kwa Njenga, mashariki ya Nairobi, habari za uvuvi hazimjii moyoni. Maji ni meusi, yamebeba taka za viwanda na za nyumba, na mzazi mwenye busara humkataza mtoto wake asiyaguse. Neno mukuru katika lugha ya Kikuyu maana yake ni bonde. Ndani ya bonde hilo, kati ya viwanda vya Industrial Area na mtaa wa Imara Daima, nyumba za mabati zimebanana hata vichochoro vingine havitoshi watu wawili kupishana. Alfajiri watu hutoka kwa makundi, wakienda viwandani kwa miguu ili kuokoa nauli.

Lakini katika kazi za mikono za mji huu wa Nairobi imo moja ambayo majirani wenyewe wengi hawaijui, nayo ni kazi ya kufunga nzi. Msomaji asicheke. Nzi hao si wale wa jalalani. Ni ndoana ndogo iliyovikwa manyoya, nywele za wanyama na uzi wa hariri, ikafanana na mdudu wa majini, ili kumdanganya samaki aitwaye trauti. Kwa miaka mingi nzi waliofungwa Kenya kwa mkono wamekuwa wakiuzwa kwa dazeni katika nchi za Ulaya na Marekani, na mvuvi wa huko humtupa mtoni pengine asijue ametoka wapi.

Vyombo vya kazi hiyo ni vichache: jiliwa dogo la kubana ndoana, mkasi wenye ncha kali, uzi, nta na taa nzuri. Vyote vyaenea katika kikapu kimoja, na jambo hilo si dogo mahali ambapo mwezi wa Novemba 2021 nyumba nyingi zilibomolewa ili kupisha barabara, maelfu ya watu wakabaki bila makao. Ndoana hupimwa kwa namba, na namba ikizidi ndoana hupungua: ya 12 ni kubwa kuliko ya 16, na ya 20 karibu yapotea katika kiganja.

Nzi walio wagumu kufunga ni wale wa kuelea. Nzi wa kuzama akipotoka kidogo, maji huficha aibu yake. Wa kuelea hana maficho, kwa kuwa yampasa kuketi juu ya ngozi ya maji kama mdudu hai aliyetua punde hii. Kinachomshika asizame ni unyoya wa shingo ya jogoo uliozungushwa nyuma ya jicho la ndoana, vinyweleo vyake vikasimama pande zote kama miguu. Jogoo hutakiwa, wala si tetea, kwani unyoya wa tetea ni laini na hunywa maji. Mkono ukivuta uzi kwa nguvu kupita kiasi, uzi hukatika. Ukilegea, nzi hufumuka kwa samaki wa kwanza. Mkia ukizidi urefu, nzi huangukia pua. Kwa hiyo ufundi wote wa mvuvi, na fimbo yake ya bei kubwa, hutegemea mizunguko michache ya uzi iliyofanywa na mtu ambaye huenda hajapata kumwona trauti maisha yake yote.

Uvuvi huo ulikuzwa sana kusini mwa Uingereza, ambako Frederic Halford alitoa kitabu chake juu ya nzi wa kuelea katika mwaka wa 1886. Trauti si samaki wa asili ya Kenya. Katika mwaka wa 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Scotland, nao wakatiwa katika Mto Gura, milima ya Nyandarua. Baadaye waliletwa trauti wa upinde wa mvua, na katika mwaka wa 1948 serikali ilianzisha kituo cha kuwazalisha huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Samaki hawa hupenda maji baridi yaendayo mbio, na ndiyo sababu hawaonekani chini ya nyanda za juu.

Je, achukuaye fimbo kwenda Gura au Sagana achague nzi yupi? Kwanza na ayatazame maji kabla ya kufungua kisanduku chake. Mvua kubwa zikinyesha, mto hugeuka rangi ya udongo, na nzi wa kuelea huwa kazi bure, kwa maana samaki hawezi kuona juu. Siku za kiangazi maji yakiwa meupe, jioni jua linapofichwa na mlima, ndiyo saa yake. Wakionekana wadudu ambao mabawa yao husimama kama tanga la mashua, inafaa nzi aitwaye Adams, wa rangi ya kijivu, aliyebuniwa Michigan, Marekani, katika mwaka wa 1922. Wakiwa ni wale wanaokunja mabawa kama paa la nyumba, ni heri yule wa nywele za paa wa Marekani, ambaye Al Troth alimbuni mwaka 1957. Nywele hizo ni tupu ndani, na kwa hiyo huelea hata katika povu.

Wako wavuvi wanaobishana usiku kucha juu ya kivuli cha rangi, kama kwamba samaki ni karani wa mahakama. Katika mito ya Kenya, ambayo huteremka kwa kasi baina ya mawe, trauti hana nafasi ya kuchungua. Hupata nukta moja tu ya kuamua. Aelea vizuri, ni wa ukubwa ufaao, mshipi haumburuti: hayo matatu hupita rangi. Hata panzi aliyeanguka kutoka majanini humezwa bila maswali.

Milima hiyo ya Nyandarua ndiyo inayoinywesha Nairobi. Mto Thika huanzia huko, ukajaza bwawa la Ndakaini lililokamilika mwaka 1994, na kutoka hapo maji hufuata mabomba hata mjini. Mukuru kwa Njenga maji hayo hayo hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, nayo bei hupanda siku mabomba yakikauka.

Jioni mfungaji wa nzi huhesabu dazeni zake chini ya taa, akimgeuza kila mmoja kwa ncha ya kidole kuona kama anasimama sawa juu ya meza. Aliyepinda hukatwa kwa wembe, ndoana ikarudishwa katika jiliwa, kazi ikaanzwa upya kutoka mkiani.