Maneno ya Nyumbani na Mlango Wake



Kila nyumba ina kamusi yake isiyoandikwa. Katika nyumba yetu hapa Bukavu, mshumaa huitwa "shushu". Aliyelitunga neno hilo ni kitinda mimba wetu, alipokuwa bado hawezi kutamka "mshumaa". Mtoto huyo hakufikisha miaka minne. Neno lake limebaki. Hata leo umeme ukikatika, mmoja wetu husema gizani, "Leteni shushu," ingawa kinacholetwa ni taa ya simu. Hatulii tena tunapolisema, lakini hakuna anayethubutu kulisahihisha.

Tuna usemi mwingine: "Ziwa limepungua." Mgeni akiingia ghafla na chakula ni kichache, mama wa nyumba husema hivyo, nasi twajua kumega bugali kidogo na kumwachia mgeni samaki. Mgeni hushiba bila kuona haya. Hiyo ni siri njema, kwa maana inamlinda yule asiyeijua.

Lakini siri hiyohiyo yaweza kuumiza. Mpwa wetu alipokuja kuishi nasi, akiikimbia vita ya Masisi, usemi huo ulisemwa mezani. Watoto wakatazamana, wakacheka. Naye akacheka, huku macho yake yakiuliza. Asiyejua neno la nyumba ameketi mezani, lakini angali nje. Bibi yao akamweleza papo hapo, kisha akamwuliza: "Na kwenu, baba, mlisemaje?" Kijana akafikiri, akajibu: "Kuku hawajalala." Kwao ilimaanisha kwamba watoto wangali macho, basi wakubwa wapunguze maneno. Nyumba yao ilikwisha kuteketea. Usemi huo ni katika machache aliyoweza kuyabeba. Leo sote twautumia.

Nanyi vijana mna maneno yenu, wala si jambo jipya. Katika miaka ya 1950, huko Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, vijana walioitwa Bills, kwa kumwiga Buffalo Bill wa sinema, walijitungia lugha ya Hindoubill, wakichanganya Lingala, Kifaransa na mengine. Wakubwa wengi hawakuielewa, na vijana walipenda iwe hivyo. Padri mmoja wa Scheut, Jozef de Laet, alikwenda kati yao, hata akajulikana kama Père Buffalo.

Neno la kundi laweza pia kuwa upanga. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, chasimulia jinsi Wagileadi walivyowataka watu waliotaka kuvuka Yordani watamke "Shibolethi". Aliyesema "Sibolethi" aliuawa. Waefraimu 42,000 walikufa wakati ule. Kwetu Kongo hiyo si hadithi ya kale tu. Tumeona watu wakipimwa kwa lafudhi yao.

Tazameni sasa njia ya Mwinjili Marko. Anapomsimulia Yesu akisali Getsemani, analiacha neno "Abba" katika Kiaramu, kama lilivyosemwa nyumbani. Vilevile "Talitha kum", aliloambiwa binti wa Yairo, na "Efatha", aliloambiwa kiziwi. Hakuyafuta maneno hayo. Lakini kila mara aliongeza maana yake, ili nasi tulio mbali tuingie. Amelitunza neno, akafungua mlango.

Basi hatuwaombi myaache maneno yenu. Yatunzeni, hasa yale mliyoachiwa na wapenzi wenu waliotangulia. Lakini mnapocheka, mtazameni yule anayecheka akiwa amechelewa kidogo. Mwelezeni maana, kisha mpeni nafasi alete neno la kwao.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Ni neno gani la nyumbani kwenu lingepotea kama wewe usingelisema tena?
2. Ni nani katika kikundi chetu asiyeelewa tunachekea nini?
3. Je, tumewahi kumwuliza, "Kwenu mlisemaje?"