Kilo Tatu

Lavington ni mtaa wa kuagiza. Ukitamani keki unabonyeza simu, na kabla chai haijapoa mtu wa boda yuko getini akibishana na soja. Kwa hivyo binti yangu wa miaka 13 aliposema hataki tena keki ya kununuliwa, ataoka mwenyewe, nilidhani ni mambo ya likizo, yatapita.

Hayajapita. Huu ni mwaka wa pili, na nyumba yetu ya kupanga karibu na Barabara ya Gitanga inanukia vanila kila Jumamosi. Unga na mayai tunanunua Kawangware, ni hapo chini tu na bei inaelewana na mfuko.

Keki zake za kwanza zilivimba vizuri kabisa, halafu zikabonyea katikati kama kofia iliyokaliwa. Na alikuwa akifuata resipe neno kwa neno. Shangazi yake wa Mombasa alitumia resipe hiyohiyo, yake ikasimama. Huku watu wakalaumu oveni, wengine mayai. Yeye akauliza, "Baba, kwani si Mombasa iko chini?"

Nilicheka, lakini alikuwa ameipata. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, maji huchemka kwa nyuzi kama 94 badala ya 100, na gesi ya beking pauda hupanuka upesi kuliko unga unavyoweza kuishikilia. Keki inapanda kabla haijashikana, inakosa nguzo, inaanguka. Resipe nyingi za mtandaoni zimeandikwa na watu wanaoishi chini.

Akatafuta daftari la hesabu lililobaki. Kila Jumamosi alibadilisha kitu kimoja tu. Beking pauda ikapungua robo kijiko. Wiki iliyofuata, sukari. Halafu maziwa yakaongezwa vijiko viwili. Halafu moto ukapandishwa kidogo. Kando ya kila keki aliandika hukumu: "Imebonyea." "Imebonyea kidogo." "Kavu." Zote tulikula, na soja wa geti akawa mwonjaji mkuu. Keki ya saba aliiandikia: "Imesimama." Basi. Hata alama ya mshangao hakuweka.

Habari zikaenea kwenye jengo. Nairobi keki huagizwa kwa kilo, na maagizo yakaanza kuja: kilo moja, kilo na nusu. Kisha jirani mmoja akabisha mlango. Kijana wake anafuzu chuo, anataka kilo tatu, za ghorofa tatu, atalipa shilingi 9,000. Ilikuwa Januari, ile ambayo sisi huiita Njaanuari, na salio la karo lilikuwa linanitazama. Hizo pesa nilijua pa kuziweka.

"Auntie, kilo moja naweza, hata mbili," binti yangu akamjibu. "Ya kupangana bado sijajua. Ikianguka siku ya sherehe hutapata ingine."

Jirani akanigeukia, vile watu wazima hufanya wakitaka mtoto ashurutishwe. "Baba yake, si umwambie ajaribu tu?"

"Mwokaji ni yeye," nikasema.

Akaagiza kwingine. Hatujakosana, ila salamu za kwenye lifti zimekuwa fupi. Na karo tulilipa pole pole, vile watu hulipa.

Wako wanaoniuliza keki zitampeleka wapi, na wako wanaouliza duka litafunguliwa lini. Mimi nawaza mafundi. Nani Nairobi hajawahi kumpa fundi depoziti akaambiwa "hakuna shida, mkubwa", halafu simu ikazimwa? Tumezoea kusema naweza kwanza, kisha tutaona mbele. Mtoto wangu, na 9,000 zikiwa mezani, alijua ujuzi wake unaishia wapi na akalisema hilo kwa adabu. Keki naipenda, lakini kifua changu kimejaa kwa sababu ya hiyo "bado".

Neno "bado" ana mpango nalo. Jumamosi iliyopita alifungua ukurasa mpya, akaandika juu: "Ghorofa mbili, jaribio la 1." Kufika jioni keki ilikuwa imeegemea upande mmoja kama mtu aliyechoka kungoja matatu. Tuliila kwa vijiko. Akachukua kalamu, akaandika: "Imeinama."