Meno Thelathini na Mawili

Kibanda cha fundi kilikuwa Bondeni, Nakuru, chini ya mjakaranda uliomwaga maua juu ya makopo yake ya grisi kila Oktoba. Wateja wa umri wake walimwita Fundi. Sisi vijana tulimwita Mzee. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wangu wa tatu kazini, kwa hiyo yeye aliniita Mwalimu, na kwa miezi ile yote hakuwahi kuniita kitu kingine.

Jumapili ya tarehe 14 Julai 2013 tulikaa pamoja mbele ya televisheni ya mkahawa wa jirani. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyelelewa kimchezo na David Kinjah kule Kikuyu, alikuwa anaupanda mlima Ventoux, Ufaransa, akiwa na jezi ya manjano mgongoni. Alipomwacha Alberto Contador, na baadaye Nairo Quintana, mkahawa ulilipuka kwa shangwe. Watu waliokuwa hawajawahi kutazama mbio za baiskeli walisimama juu ya viti. Mzee hakusema neno mpaka tulipotoka nje.

"Umeona miguu yake, Mwalimu?"

Nikamwambia nimeona jezi.

"Amewaacha wenzake akiwa ameketi. Hakuinuka kwenye kiti. Miguu inazunguka kama cherehani."

Siku ile nilitabasamu tu. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba nitajijengea baiskeli ya mbio. Mnamo Septemba nilipata fremu ya alumini kwa muuza mitumba, pamoja na magurudumu yenye spoki 32, breki, na vishikio vya kubadilishia gia 8. Kwa mtu mwingine nikanunua krenki yenye sahani mbili mbele, moja ya meno 53 na nyingine ya 39. Kaseti ya nyuma, lile rundo la sahani ndogo za meno, ilianzia meno 12 ikaishia 25. Niliitaka ile 53 kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba ndiyo inayotumiwa na washindani wa kweli, na kwa macho yangu ilikuwa nzuri kama sinia la shaba. Mzee alifunga kila kitu kwa uangalifu wake wa kawaida, akapaka cheni mafuta, akapangusa mikono.

"Nenda Menengai," akasema. "Ukirudi tutazungumza."

Nakuru iko kwenye kimo cha mita 1,850 hivi, na ukingo wa kreta ya Menengai, kaskazini mwa mji, unafika mita 2,278. Si mlima wa kutisha kwa anayeutazama kutoka Barabara ya Kenyatta. Nilipita Milimani nikiwa na nguvu zangu zote. Lami ilipoisha na mwinuko ukakaza, nikashusha gia mpaka ya mwisho, 39 mbele na 25 nyuma, na hapo nikajua hakuna nyingine iliyobaki. Kimita kidogo kwenye usukani kilionyesha kilomita 8 kwa saa. Kila pedali niliisukuma kama mtu anayefungua mlango uliobanwa na mawe. Goti la kushoto lilianza kuuma ndani kabisa, chini ya kifuniko chake, na lilipouma mara ya tatu nikashuka. Mama mmoja aliyebeba kuni kutoka msituni alikuwa anateremka. Akasimama na mzigo wake, akaokota chupa yangu ya maji iliyokuwa imeanguka, akanipa. "Pole sana, mwanangu," akasema, akaendelea na safari.

Kesho yake, Mzee aliomba futi ya kitambaa kwa mshonaji wa jirani, tukaenda na baiskeli kwenye veranda ya saruji ya kinu cha posho. Akachora mstari wa chaki kwenye tairi la nyuma na mwingine sakafuni chini yake. Akaweka cheni kwenye 39 na 25, akaisukuma baiskeli taratibu mpaka pedali ikamaliza mzunguko mmoja, akachora tena sakafuni. Tukapima mara tatu: mita 3 na sentimita 28.

"Hii ndiyo hatua yako fupi kuliko zote," akasema. "Jana ulikwenda kilomita 8 kwa saa. Wewe ni mwalimu, nipigie hesabu. Mguu ulizunguka mara ngapi kwa dakika?"

Nilipiga hesabu kwa chaki hapohapo sakafuni. Kilomita 8 kwa saa ni mita 133 kwa dakika. Gawanya kwa 3.28, unapata karibu 41. Nilikuwa nafundisha darasa la saba uwiano kila wiki, kwa mifano ya maembe na machungwa, na sikuwa nimewahi kuuhisi uwiano ndani ya goti langu.

Mzee akatoa kaseti ya baiskeli ya milimani aliyoihifadhi kwenye gazeti. Meno yake yalipangika 11, 13, 15, 18, 21, 24, 28, na ya mwisho 32. Akaniambia nifikirie krenki yenye sahani kubwa ya meno 50 na ndogo ya meno 34 mbele. Kwa 34 mbele na 32 nyuma, mzunguko mmoja ungekuwa mita 2 na sentimita 23. Kwa mwendo uleule wa kilomita 8, mguu ungezunguka mara 60.

Nilimwuliza kuhusu mteremko. Ningeikosa ile 53 nikishuka? Hapo ndipo alipocheka, kwa furaha ya mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo. Akaniagiza nilinganishe mwenyewe. Meno 53 kwa 12 yalinipa mita 9 na sentimita 27. Meno 50 kwa 11 yalinipa 9 na sentimita 55. Sahani ya 50 niliyoidharau, ikikutana na kaseti ile, ilikuwa na hatua ndefu kuliko niliyoiringia. Nilirudia hesabu mara mbili.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya spana na subira. Sahani ya 34 haiingii kwenye krenki ya 53 na 39, kwa kuwa skrubu zake tano zimekaa kwenye duara la milimita 130, na meno 34 yanahitaji duara dogo la 110. Ikabidi krenki yote ibadilishwe. Mkono wa gia ya nyuma, ule unaoning'inia na kuvuta cheni, nao ulikuwa mfupi mno kwa meno 32, hivyo tukafunga mrefu wa baiskeli ya milimani. Kwenye gia 8 za Shimano, vishikio vya barabarani na mkono wa milimani vinaelewana, na Mzee alilijua hilo kwa kujaribu tu. Nilipotaja kwamba siku moja ningependa gia 10, alichukua cheni mbili akaziweka kiganjani mwangu. Ya gia 10 ilikuwa nyembamba, ya gia 8 nene. "Vumbi la hapa unalijua," akasema. Nakuru kwa Kimaasai, wanavyosimulia wenyeji, ni mahali pa vumbi, na kila Januari tulilipangusa kwenye madaftari. Cheni nene ilipatikana dukani hatua chache kutoka kibandani. Ile nyembamba ningeifuata Nairobi. Aliniwekea pia tairi za milimita 28, si 23 nilizozitaka.

Ujuzi huu aliupata kwenye Black Mamba, zile baiskeli nzito za mizigo. Zamani zile kabla ya 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, boda boda za Nakuru zilikuwa baiskeli, na Mzee aliziunda upya kwa dazeni. Mamba ina gia moja. Meno 44 mbele, 18 nyuma, gurudumu la inchi 28: hatua ya mita 5 na zaidi. Ndiyo maana wabeba maziwa wa Njoro walipokuwa wakishuka mjini walipepea na mitungi yao, na wakirudi walitembea kando ya baiskeli, mkono mmoja kwenye kiti. Miaka mingi Mzee aliwabadilishia friwili, akiwapa meno 20 au 22, ili angalau mwinuko mmoja wa njiani waupande wakiwa juu ya kiti. Aliandika kila mteja kwenye daftari la miraba: mzigo, njia, meno.

Jumamosi moja ya Februari 2014 niliondoka Nakuru alfajiri, nikapanda Bahati, nikateremkia Subukia ukungu ukiwa bado bondeni. Huko chini niliitumia 50 kwa 11 kwa dakika chache nzuri. Kisha barabara ikaanza kupanda kuelekea Nyahururu, kona juu ya kona. Nikaweka 34 mbele na 32 nyuma, nikakaa kitini. Goti halikusema kitu. Niliisikia cheni, niliwasikia ndege, na bonde lilishuka nyuma yangu polepole, mashamba ya mahindi yakigeuka viraka. Kasoro moja niliiona, na ni haki niitaje: kwenye tambarare, upepo ukija usoni, kutoka meno 18 hadi 21 ni mruko mkubwa. Mguu unatafuta meno 19 na hayapo. Niliukubali. Nyahururu, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,300, nilikunywa chai mbili za maziwa nikiwa nimekunja koti shingoni kwa baridi.

Jumatatu baada ya masomo nilipita kibandani. Mzee alikuwa amelala chini ya Mamba iliyopinduliwa, akikaza spoki.

"Ulitumia ngapi kwenye kona?"

"32, Mzee. Karibu muda wote."

Akainuka, akafuta kidole cha shahada kwenye suruali, akafungua daftari. Chini ya wabeba maziwa na wauza makaa aliandika: Mwalimu. Mzigo, hakuna. Subukia hadi Nyahururu. 34 kwa 32. Akaniuliza siku niliyopanda, akaandika na tarehe.