Kiumbe Kilicho Mikononi Mwetu

Ndugu wasomaji, huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona habari za nyoka katika kurasa hizi. Lakini sisi tuishio Columbus, katika jimbo la Ohio huku Marekani, twayaona mambo ambayo wazee wetu hawakuyaona. Jirani mmoja, alipohama, alimwachia kijana wetu nyoka wa kufugwa aliyekwisha kukua, na swali la kwanza nyumbani likawa: atalishwa nini, na vipi?

Nyoka huyo huitwa nyoka wa mahindi. Asili yake ni kusini mashariki ya Marekani, na huonekana karibu na maghala ya nafaka akiwafuata panya. Hana sumu, huua kwa kuviringisha na kukaza. Akitunzwa vyema huweza kuishi miaka 15 hata 20. Ama hukumu ya kufuga nyoka, na ya kununua chakula chake, mwenye kutaka na awaulize wanavyuoni kwanza, kisha aulize sheria ya nchi. Sisi twamsema yule aliyekwisha ingia mikononi mwa mtu, kwani huyo ni amana.

Sote twaijua habari aliyotupa Mtume wetu (S.A.W.) ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia, wala hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie vijidudu vya ardhi. Mnyama aliyefungiwa hana pa kwenda. Riziki yake imepitishwa katika mkono wa aliyemfungia.

Kijana wetu alitaka kumlisha siku ile ile. Tukamzuia, kwani nyoka aliyehamishwa huwa na hofu. Akilishwa upesi hukataa, au humeza kisha akatapika, na kutapika humdhuru sana. Akaachwa siku 7 pasipo kushikwa, akiwa na maji safi, mahali pa kujificha, na upande mmoja wa sanduku lake wenye joto la nyuzi 29 hivi. Pasipo joto, chakula hakisagiki tumboni mwake.

Siku ya 8 akapewa panya, asimguse. Hapo rafiki za kijana wakamshauri amtilie panya hai. Tulikataa kwa sababu mbili. Kwanza, Mtume (S.A.W.) amekataza mnyama kufungwa akiwa hai ili auawe, na panya aliye ndani ya sanduku hana pa kukimbilia. Pili, panya mwenye hofu huuma, naye huweza kumjeruhi nyoka vibaya. Panya waliokwisha kufa na kugandishwa kwa barafu hupatikana madukani. Huyeyushwa, hupashwa katika maji ya moto, kisha hutolewa kwa koleo refu. Unene wake usizidi sana unene wa kiwiliwili cha nyoka. Mmoja kila baada ya siku 7 hata 14 humtosha nyoka mzima, na akiisha kula asishikwe kwa siku 2.

Wala tusisahau usafi. Mzoga wa panya ni najisi: uwekwe mbali na chakula cha nyumbani, na vyombo vyake visiingie jikoni. Nyoka naye hubeba vijidudu vya maradhi ya tumbo, basi kila amgusaye na aoshe mikono kwa sabuni, hasa watoto.

Baada ya siku chache tuliona macho ya nyoka yamefanya ukungu: alikuwa karibu kujivua gamba, na wakati huo wengi wao hawali. Alipokwisha kujivua, akala. Nyoka mzima mwenye afya huweza kukaa majuma kadhaa bila ya chakula. Lakini akianza kukonda, apelekwe kwa daktari wa wanyama.

Enyi vijana, rehema si kumpa mnyama tutakacho sisi, wakati tutakao sisi. Rehema ni kuijua haja yake na kuingojea kwa subira. Na asiyeweza subira hiyo kwa miaka 20, heri asimchukue tangu mwanzo, kwani kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Wabillahi taufiki.