Usiku wa Mwisho, Tende Moja na Simu kwa Baba



Haya nimekaa nayo muda mrefu kabla ya kuyaandika, kwa sababu nalijua swali la kwanza: mwezi wa Ramadhani, kumi la mwisho, wewe ulifuata nini kwenye mchezo wa kuigiza? Basi nianze na hilo.

Nilifuata kazi. Huku New York namhudumia bibi mmoja wa Kimarekani, umri wake umeshapita themanini, anatumia kiti cha magurudumu. Zamani alikuwa fundi wa kushona nguo za jukwaani, na kwa miaka kadhaa alizishughulikia nguo za The Phantom of the Opera katika ukumbi wa Majestic, Broadway. Jumapili ya tarehe 16 Aprili 2023 mchezo ule ulikuwa unaonyeshwa kwa mara ya mwisho, naye alialikwa. Akaniambia, "Peke yangu siwezi kwenda, na mtu mwingine simtaki." Kwetu ilikuwa Ramadhani 25. Nikatia tende tatu, chupa ya maji na kanga kwenye mkoba, tukaondoka.

Kwa asiyeujua, ni mchezo unaosimuliwa kwa nyimbo. Mtu aliyeharibika uso anaishi chini ya jumba la muziki mjini Paris, anavaa barakoa, na anampenda mwimbaji kijana aitwaye Christine. Kila usiku thurea kubwa, uzito wake kama tani moja, inashuka kutoka darini huku watu wakipiga kelele. Ulianza pale Januari 1988, na onyesho lile lilikuwa la 13,981. Hakuna mchezo mwingine wa Broadway uliofika huko. Uliponea mengi, lakini baada ya ukumbi kufungwa kwa korona kuanzia Machi 2020 hadi Oktoba 2021, watazamaji hawakurudi kama zamani na gharama zikazidi. Septemba 2022 wakatangaza kuwa wanafunga. Tangazo lenyewe likafanya watu wagombee tiketi, ikabidi waongeze wiki kadhaa.

Ndani hapakuwa na kiti kitupu. Thurea ilipowashwa tu, watu walipiga makofi kama wanampokea bibi harusi. Christine alikuwa Emilie Kouatchou, binti mwenye asili ya Cameroon, mweusi wa kwanza kuishika nafasi hiyo Broadway. Bibi yangu alikuwa hatazami nyuso. Anatazama mapindo. Kila gauni likipita ananibana mkono: "Ile nilikuwa naishona shanga zikidondoka." Mara akanyamaza, nikaona anafuta macho.

Wakati wa mapumziko nilitandika kanga kwenye kona ya korido, yeye akaniwekea kiti chake mbele kama pazia, nikasali Alasiri. Magharibi iliingia sehemu ya pili ikiendelea. Nikatoa tende moja gizani, nikasoma dua kimoyomoyo, nikafuturu. Alipoona natafuna aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni tayari. Nikampa naye moja.

Na hapo, mashoga zangu, tende ikiwa mdomoni, ndipo moyo ulipochoma. Nilikuwa nawatazama wale watu. Kila wimbo ukimalizika wanajua hawatausikia tena pale. Wanamuziki wengine walikuwa wamekaa kwenye shimo lile tangu 1988. Wote wamepewa tarehe. Wamepata nafasi ya kusikiliza vizuri, kukumbatiana, kuaga.

Mimi na mama yangu hatukupewa. Mwaka 2019 alinipigia asubuhi moja, anataka kunisimulia habari ndefu ya jirani na kuku wake. Nikamkatisha: "Mama nachelewa kazini, nitakupigia kesho." Kesho yake simu iliyolia ilikuwa ya kaka yangu. Sikuwahi maziko, na habari ya kuku sikuijua mwisho wake mpaka leo.

Baada ya mchezo, Andrew Lloyd Webber, mtunzi wa muziki wake, alisimama jukwaani. Onyesho lile alimtunukia mwanawe Nick, aliyefariki wiki tatu kabla akiwa na miaka 43. Ukumbi mzima ukawa kimya. Nikasema moyoni, huyu mzee siku ya kufunga mchezo wake aliijua miezi kadhaa kabla. Siku ya mwanawe haikuandikwa kwenye ratiba yoyote. Na kesho yake ilikuwa inatimia miaka kumi tangu Bi Kidude atutoke. Ni nani kwetu aliyemsikia akiimba mara ya mwisho akajua kuwa ndiyo ya mwisho?

Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuusia mtu asimame kwenye sala yake kama anayeaga. Nilifundishwa hivyo chuoni nikiwa mdogo, nikadhani ni maneno ya kututisha tusichezecheze kwenye safu. Sasa nayaona ni huruma. Tarehe hatupewi, basi tumepewa njia ya kuishi bila tarehe: hii iliyo mbele yako, itimize. Na Ramadhani yenyewe ilikuwa imebakisha siku chache, nami kuna tarawehe nyingi nilizisali nikiwaza zamu ya kesho.

Tulipofika nyumbani nilimlaza bibi, nikasali Magharibi na Isha, saa tatu ikapita. Unguja ni saa kumi alfajiri na kitu, watu wako kwenye daku. Nikampigia Baba. Ana kawaida ya kuanza na hali ya hewa, akaenda kwenye bei ya sukari, kisha mgogoro wa mpaka wa shamba ambao nimeshausikia mara ishirini. Zamani ningesema, "Baba, nitakupigia kesho." Safari hii nilivua viatu, nikakaa chini, nikamwuliza, "Enhe, na yeye akajibu nini?"

Akacheka. Akanieleza mpaka adhana ikamkatisha.

Allah awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tuwasikilize waliobaki. Amin.